Sheria za atelye yetu Kadutu: moja kwa wote, au kila mtu na yake?

#1 MamaSabuni_Kadutu

Wandugu, jambo yenu. Niko na shida ya kazi, mnisaidie mawazo, hata ya kunigombeza.

Tuko watu tisa tunapika sabuni ya mawese hapa Kadutu, Bukavu (Kongo), chumba kimoja na kiwanja chake. Watatu kati yetu wana ulemavu wa akili. Wawili wanaelewa polepole tangu utoto, hawasomi. Wa tatu ana trisomia (hali ya Down), huyo anasoma kidogo, nitamwita Kijana. Hatukuwachukua kwa huruma. Wanakata, wanapiga muhuri, wanafunga, na wanalipwa kama sisi wengine, maana yake kidogo.

Mwezi uliopita tuliandika sheria 14 tukazibandika ukutani. Kwa Kifaransa, kwa sababu kontabile wetu alisema karatasi ya Kiswahili haina uzito mbele ya inspekta. Tulizisoma kwa sauti, tukauliza "wote mmeelewa?", wote wakasema ndiyo, tukala sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, tukaachana.

Wiki ya kwanza, mmoja wa wale wawili alifika saa nane mchana. Dada yake alimsomea ukutani "8h00", yeye akashika nane. Wiki ya pili, Kijana alisimama mlangoni akamzuia mteja aliyekuja kuchukua katoni 30, kwa kuwa sheria ya 5 inasema hakuna mtu kuingia bila aproni. Mteja aliondoka na hajarudi. Wiki hiyohiyo kontabile aliingia sehemu ya soda, ile soda kali ya sabuni inayounguza, na kandambili miguuni. Kijana akamwambia toka. Aliyegombezwa ni Kijana.

Sasa nusu ya wenzangu wanataka wale watatu watolewe kwenye sheria, "wasihesabiwe". Nusu wanataka walipe faini kama wote, faranga 1,000 kila kosa. Ninyi mngefanyaje?

#2 MzeeWaBagira

Mama, pole. Wazee wetu walikuwa na watu wa namna hiyo katika kila ukoo. Huyu anachunga mbuzi, huyu anateka maji, na hakuna aliyemsomea karatasi. Ninyi mmewaletea karatasi, ndiyo maana mmepata taabu. Faini kwa mtoto wa Mungu? Hapana.

#3 Ya_Ibanda

Miye nasema tu: sheria moya, batu bote. Bakianza kupata sheria yabo, kesho na miye nataka yangu ya kuchelewa juu naishi mbali na barabara ni matope. Lakini ule mutoto wa mulangoni hakukosa! Karatasi ilisema hakuna mutu. Muteja si mutu?

#4 FundiCherehani

Nina atelye ya kushona, na kwa miaka sita nimefanya kazi na dada mmoja anayeelewa polepole. Naomba nianze na hilo neno "mmeelewa?".

Usiliulize tena. Mtu aliyezoea kuchekwa tangu shule atakujibu ndiyo hata ukimwambia mbuzi anaruka. Anajua ndiyo ndilo jibu linalofanya uondoke mbele yake. Mimi nasema "nionyeshe". Nionyeshe pasi ukimaliza unaiweka wapi. Akiiweka kitako juu ya kitambaa, basi sikufundisha bado. Na nimeona jambo: nilipoanza kusema "nionyeshe" kwa wote, wale wanaojiona wajanja ndio walioaibika kwanza.

Sheria 14 ni nyingi. Mama, wewe mwenyewe unaweza kuzitaja zote sasa hivi bila kuangalia ukuta?

#5 Kigoma_Kwetu

Habari za ng'ambo ya ziwa. Swali la mjinga: kontabile ni mhasibu? Na huyo aliyekuja saa nane mimi namtetea mpaka mwisho. 8 ni nane. Ninyi mnaoandika nane mkimaanisha saa mbili ndio wenye matatizo.

#6 MamaSabuni_Kadutu

@FundiCherehani nimejaribu, nimefika tisa. Ya kumi na mbili sikumbuki hata inahusu nini.

@Kigoma_Kwetu ndiyo, mhasibu. Ziwa lenu si letu, sisi tuko Kivu.

#7 Mwanasheria_Muhungu

Salamu. Kwanza niweke mambo mawili sawa, halafu mwendelee.

Kuwatoa watatu kwenye sheria eti "wasihesabiwe" si wema. Nchi yetu imejiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2015, na kifungu chake cha 27 kinahusu kazi. Mkataba huo unasema kukataa kumfanyia mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Marekebisho yanayofaa: unabadilisha namna ya kufikisha sheria, unabadilisha vifaa, saa, mpangilio, ila humwondoi mtu mezani. Humu nchini tuna sheria maalum (loi organique) namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayowalinda na kukuza haki zao. Na katiba yetu ya 2005, kifungu cha 49.

Pili, kama ninyi ni kampuni iliyoandikishwa, kanuni zenu za ndani zinapita kwa inspekta wa kazi kwanza ndipo zianze. Faini za kukata mshahara muulizeni yeye kabla hamjagusa mfuko wa mtu.

#8 MwalimuMstaafu

@Mwanasheria_Muhungu katiba si ya 2005. Kura ya maoni ilikuwa Desemba 2005, katiba yenyewe ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu ni hicho hicho 49, na kinawataja wazee pamoja na watu wenye ulemavu. Najua kwa sababu mimi ni wa upande wa wazee.

#9 Mwanasheria_Muhungu

Mwalimu, nimekubali. Aksanti.

#10 Lushois_243

Toka Lubumbashi. Nimefanya miaka kwenye migodi, naona mnazunguka. Kule kwetu kila asubuhi kabla ya kushika chombo, dakika tano mmesimama duara: leo hatari ni ipi. Moja tu. Hakuna anayeambiwa wewe una akili nzito. Wote wanaambiwa kama wameanza kazi jana, na ingenieri yuko kwenye duara na kofia yake kichwani. Ukutani kuna picha, si maandishi. Kwa soda yenu tafuteni ile picha ya kimataifa: mraba uliosimama kwa kona kama almasi, wenye mpaka mwekundu, ndani chupa mbili zinamwagika, moja kwenye chuma, nyingine kwenye mkono. Hata asiyesoma anaelewa.

Na mkishaibandika muanze kupika kama watu: unaweka soda kwenye ndoo, unamwagia maji taratibu.

#11 NesiWaUsiku

HAPANA. @Lushois_243 tafadhali rekebisha. Ni soda ndani ya maji, kidogo kidogo, siyo maji juu ya soda. Ukimwaga maji juu ya soda inachemka papo hapo na kukurukia usoni. Nimewaosha watu macho kwa sababu ya kosa hilo hilo. Ikigusa ngozi, vua nguo iliyolowa, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20 na zaidi, usipake siki wala ndimu wala mafuta. Jicho likiguswa osha huku unatafuta gari.

#12 Lushois_243

Mimi ni wa umeme, si wa sabuni. Nimekosea, samahani. Soda ndani ya maji.

#13 Ya_Ibanda

Ingenieri na kofia yake 😂 Mujue sasa juu ya nini Lubumbashi bananunua sabuni ya Bukavu.

#14 FundiCherehani

Tazameni lakini. Mtu mwenye akili zake zote na miaka ya usalama kazini ameiandika sheria ya hatari kinyume, na kwa uhakika. Je, Kijana angeambiwa mara moja, akaonyeshwa, angeigeuza? Yule dada wa kwangu akishashika utaratibu haugeuzi. Ndilo jambo ambalo watu wanaliita ugumu.

#15 MzeeWaBagira

Fundi, usiwapambe. Utaratibu ukibadilika inakuwaje? Hapo ndipo ninyi vijana mnanyamaza.

#16 Dada_Idjwi

Mzee, hapo nina la kusema, maana ni habari ya kaka yangu.

Alifanya kazi kwenye depo ya misumari na mabati, sitaitaja. Kazi yake kuhesabu misumari kwa kilo na kupanga. Miaka mitatu hakuna tatizo. Sheria ya mapumziko ilikuwa: kengele ikilia mnakwenda kula. Kengele ilikuwa ya umeme. Siku ya delestaji umeme ukakatika toka asubuhi, kengele haikulia. Saa sita wenzake wote waliangalia jua wakaenda kula. Yeye alibaki anahesabu mpaka saa kumi. Waliporudi wakamkuta, walicheka, mmoja akampiga picha.

Kesho yake akaambiwa, "wewe, tumia akili, ukiona wengine wanaenda, nenda." Akashika hiyo. Wiki iliyofuata wengine walitoka saa tisa kwenda kwenye likelemba yao, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, bila ruhusa, naye akawafuata. Aliyepewa barua ni yeye, kwa sababu wengine walikuwa na maneno ya kujieleza na yeye alisema ukweli: niliona wanaenda.

Hakurudi kazini. Siku hizi analima kwetu kisiwani. Watu wanasema hakuweza kazi. Mimi nasema alipewa sheria mbili zinazopigana na hakuna aliyemwambia ipi ina nguvu siku ipi.

#17 MamaSabuni_Kadutu

Dada, nimesoma hii mara mbili. Pole kwa kaka.

#18 Kigoma_Kwetu

Hii imenigusa. Naomba tu kuuliza kuhusu maneno, bila ubishi. Kwetu wengine wanasema "mtindio wa ubongo", wazee walisema taahira. Ninyi mnasemaje mbele ya mwenyewe?

#19 NesiWaUsiku

Taahira ni tusi, liache. Mtindio wa ubongo wengi wanaliambatanisha na watoto ambao mwili nao umeathirika, mikono au miguu kukaza, na wengine wao akili ni nzima kabisa, kwa hiyo linachanganya. "Ulemavu wa akili" ndilo linaloeleweka. Na si ugonjwa wa akili! Hilo nalirudia kila usiku kazini. Mgonjwa wa akili anaweza kuwa profesa.

Mbele ya mwenyewe unamwita jina lake.

#20 MzeeWaBagira

Na chanzo chake ni nini, Nesi? Kwa maana sisi tulijua: kuna ukoo ulioapizwa, kuna mama aliyekula kisichofaa.

#21 NesiWaUsiku

Mzee wangu, kwa heshima. Trisomia 21 ni kromosomu moja ya ziada, 47 badala ya 46. Jérôme Lejeune na wenzake walilieleza mwaka 1959. Haihusiani na laana. Wengine ni mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo utotoni. Na upande wetu wa ziwa kulikuwa na upungufu wa iodini: mama mjamzito akiikosa, ubongo wa mtoto unaumia kabla hajazaliwa. Watafiti walikwenda kisiwa cha Idjwi kuchunguza rovu, ule uvimbe wa shingo. Ndiyo maana ya chumvi yenye iodini.

#22 Ya_Ibanda

Kumbe Idjwi! Dada uko salama?

#23 Dada_Idjwi

Nina shingo nzuri kuliko yako. Tunapeleka mananasi Bukavu, mnakula, mnaongea.

#24 Lushois_243

Mimi nilisikia ni mihogo isiyorowekwa vizuri.

#25 NesiWaUsiku

Unachanganya na konzo. Mihogo michungu isiyorowekwa inaleta konzo, inapooza miguu ghafla. Ila una nusu ya haki: sumu ya mihogo hiyo inazuia mwili kutumia iodini, kwa hiyo mahali ambapo iodini ni kidogo tayari, inazidisha. Leo umebahatika kuliko kwenye soda.

#26 MwalimuMstaafu

Turudi kazini kwa Mama kabla hatujafika Kalehe.

Nimefundisha miaka 34. Tatizo la sheria ya 5 si Kijana, ni sarufi. Imesema "hakuna mtu kuingia bila aproni". Sisi tunaoitwa wazima tukisoma "hakuna mtu" tunaongeza kimyakimya: isipokuwa mwenye pesa, isipokuwa kontabile, isipokuwa mimi nina haraka. Nyongeza hizo hazijaandikwa popote. Tumezikuta hewani tangu shule ya msingi. Mtu asiyezisikia hewani anasoma kilichoandikwa. Kama mnataka mteja aingie, andikeni mteja anasimama wapi. Kama hamwezi kuandika, maana yake hamjaamua.

#27 MzeeWaBagira

Mwalimu umenena. Hata hivyo maisha hayaandikiki yote. Ndiyo maana narudia, mpe mtu huyo kazi isiyo na mlango.

#28 Ya_Ibanda

Ao mumupatie mulango wenyewe! Bamufanye chefu wa aproni. Aproni kumi zinaningʼinia pale, muteja akikuya Kijana anamuvalisha, anaingia. Muteja anafurahi, sheria inabaki nzima, na kontabile anatembea na viatu.

#29 Dada_Idjwi

@Ya_Ibanda nusu nakupenda. Aproni za wageni, ndiyo kabisa. Lakini kumfanya yeye askari wa wote, ngoja kwanza. Nimeona hiyo. Anageuka wa kuchekesha, "muulize chefu", halafu siku amemzuia mtu mkali anapigwa kofi na hakuna shahidi. Kama kuna zamu ya mlango, iwe zamu, kila mtu na siku yake, hata kontabile.

#30 FundiCherehani

Naunga mkono zamu. Na jambo moja zaidi: wale watatu walikuwepo mlipoziandika sheria, au waliitwa kusikiliza tu?

#31 MamaSabuni_Kadutu

Waliitwa kusikiliza. Wanne tuliandika, jioni, kwenye simu ya kontabile.

Nilete habari pia. Jana nimechapisha ile picha ya almasi ya @Lushois_243. Kabla ya kuibandika nilimwonyesha kila mtu peke yake nikauliza "hii inasema nini?". Kijana: "Maji ya kunawa." Wa pili: "Kunawa mikono." Wa tatu aliangalia muda mrefu akasema, "Mkono una tundu." Yeye peke yake aliona. Halafu nikamwonyesha kontabile. Akasema, bila kusita, tunawe mikono.

#32 Lushois_243

😂😂 Naacha kutoa mawazo.

#33 Mwanasheria_Muhungu

Usiache. Picha ya kimataifa ibaki kwenye pipa la soda, kwa sababu mgeni au mzimamoto ataitambua. Ila kwa ajili ya timu, pigeni picha za kwenu wenyewe: mkono wa mwenzenu ndani ya glavu, pipa lenu, ndoo yenu. Ulaya kuna utaratibu wa kuandika maandishi rahisi kusoma, sentensi fupi, wazo moja kila sentensi, picha pembeni. Na sharti lake ni kwamba watu wenye ulemavu wa akili wenyewe wanayasoma na kuyapima kabla hayajatoka. Ninyi mmeshafanya kipimo bila kujua.

#34 FundiCherehani

Ndoo nyekundu ya soda, na hakuna kitu kingine chekundu chumba kizima. Kwangu pasi iko juu ya meza nyekundu. Hakuna anayesoma chochote.

#35 Ya_Ibanda

Na batu basioona rangi?

#36 FundiCherehani

Basi chora na fuvu. Ya_Ibanda, wewe umezaliwa siku ya ubishi.

#37 MzeeWaBagira

Mimi bado sijajibiwa juu ya faini. Aliyechelewa kwa kutojua na aliyechelewa kwa pombe, wanalipa sawa?

#38 MwalimuMstaafu

Mzee, kutojua kwa mara ya kwanza ni deni la aliyefundisha. Mara ya tatu, baada ya kuonyeshwa, tuzungumze.

#39 Dada_Idjwi

Nani anahesabu hizo tatu? Kwa kaka yangu walihesabu, kwa wengine walisahau kuhesabu.

#40 MamaSabuni_Kadutu

Tumekutana Jumamosi baada ya salongo (usafi wa mtaa wa pamoja), wote tisa, chini, kwenye mikeka. Kwa Kiswahili, na maneno mengine Kimashi.

Hatukumaliza yote. Faini tumeiweka kando, wawili wamekasirika na wanasema nimewabembeleza "watoto wangu". Wa kwanza kuniunga mkono alikuwa yule aliyefika saa nane, alisema yeye siku ile alikimbia toka mtaa wa Panzi ili awahi. Kumi na nne zimebaki sita. Saa imechorwa saa yenyewe, mishale na jua pembeni. Mlango una zamu na aproni nne za wageni. Soda wanagusa wawili tu walioonyesha mbele ya wote, na mmoja wao ni yule aliyeona tundu la mkono. Kontabile alionyesha, akasahau miwani, anarudia wiki ijayo.

Kijana alitaka sheria ya saba. Aliinua mkono kama darasani akasema: "Mtu asichukue kandambili zangu." Watu walicheka, nikasema hiyo si sheria ya kazi. Akasema ni ya kazi, kwa sababu anazivua ili avae buti za soda, na akirudi hazipo. Tumebishana nusu saa kama iingie ukutani. Kura nne kwa nne, mmoja hakupiga.

#41 Kigoma_Kwetu

Ngoja. Kandambili. Kwenye #1 kontabile aliingia sehemu ya soda na kandambili.

#42 Ya_Ibanda

ZA NANI???

#43 MamaSabuni_Kadutu

Za buluu. Za Kijana. Na kontabile ndiye ambaye hakupiga kura.